Saini 679: watu waliopeleka bangi kwenye kura Ohio

MWANAIDI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Kaka Juma yupo, chai yake ipo.

JUMA: Ipo, tangawizi imekolea. Da Mwanaidi, anza na ile picha ya fomu uliyonitumia Jumamosi.

MWANAIDI: Nilikuwa Polaris, kule kwenye maduka. Kijana amesimama nje ya duka, anakusanya saini ili hoja ya jimbo ipigiwe kura na wananchi. Fomu yake juu imeandikwa Kaunti ya Franklin.

JUMA: Sawa, Columbus ni Franklin.

MWANAIDI: Sehemu kubwa, ndiyo. Lakini Polaris iko ndani ya jiji la Columbus, ila Kaunti ya Delaware! Na kila kijitabu cha saini, yaani hizo fomu, hapa Ohio ni cha kaunti moja. Mkazi wa pale akisaini kijitabu cha Franklin, jina lake halihesabiwi. Nikasema basi, wiki hii tuwaongelee watu wa kampeni ya bangi, maana wao ndio walioonja uchungu wa fomu hizi.

JUMA: Nami nimeandaa mambo matano kwa anayetaka kuanzisha kampeni ya namna hiyo. Tuanze na 2015. Kundi liliitwa ResponsibleOhio, kiongozi wake Ian James. Wawekezaji walitoa fedha, na pendekezo lao la kubadili katiba ya jimbo ili kuruhusu bangi likataja maeneo kumi tu ya kulima bangi ya biashara. Maeneo hayo yalikuwa ya wawekezaji wale wale.

MWANAIDI: Wananchi wakaliona. Karibu asilimia 64 walikataa, na siku hiyo hiyo wakapitisha pendekezo la kuzuia ukiritimba ndani ya katiba. Lakini Juma, hata kufika kwenye kura walifika kwa shida. Walipeleka saini 695,273. Zilizokubaliwa?

JUMA: 276,082. Zilihitajika 305,591.

MWANAIDI: Yaani katika kila saini kumi, sita zilitupwa. Wakapewa siku kumi za nyongeza, ndipo wakavuka. Sasa njoo 2023, muungano mwingine kabisa wa kuhalalisha bangi, msemaji wake wakili Tom Haren. Wamepeleka 222,198, zinahitajika 124,046. Unaona ni karibu mara mbili, unalala usingizi. Katibu wa Jimbo Frank LaRose, msimamizi wa uchaguzi, anajibu: mmepungukiwa saini 679.

JUMA: Jambo langu la kwanza lilikuwa—

MWANAIDI: Ngoja, hapa tukae. Zinatupwaje? Mtu hajajiandikisha kupiga kura. Au amejiandikisha, kisha akahama nyumba, akaandika anwani mpya ambayo tume ya uchaguzi ya kaunti haina. Au amesaini mara mbili, sokoni na kwenye tamasha. Au saini haifanani na ile iliyo kwenye daftari. Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Linaloua kijitabu kizima ni tamko la mkusanyaji pale mwishoni.

JUMA: Hapo ni kweli. Anaandika idadi ya saini alizoshuhudia.

MWANAIDI: Zikiwa 29 naye akaandika 28, kijitabu chote kinakwenda na maji. Akiandika 30, kinapita! Kuzidisha kwa bahati mbaya kunavumilika, kupunguza hakuvumiliki. Maana ukitamka 28, ile ya 29 nani aliishuhudia?

JUMA: Kwa hiyo msimamizi mzuri wa kampeni anakuwa na watu ofisini jioni, wanahesabu kila kijitabu mbele ya mkusanyaji kabla hajatia saini yake. Jina lenye kasoro analikata kwa mstari mmoja, ndipo anajaza idadi.

MWANAIDI: Na wanalinganisha majina na daftari la wapiga kura kila wiki, wasisubiri mwisho. Hao makarani, Juma, hawahojiwi na mtu. Kamera zote kwa wakili. Kampeni ya 2023 nayo ilipewa siku kumi za nyongeza, ikaokolewa na kazi yao: zilipelekwa saini 6,545 tu, zikapita 4,405.

JUMA: Theluthi mbili. Ni afadhali kuliko mwanzo. Novemba 7, 2023 hoja ya bangi ikapita kwa asilimia 57: mwenye miaka 21 na kuendelea aruhusiwe kuwa na wakia mbili na nusu, kama gramu 70, miche sita kwa mtu, kumi na miwili kwa nyumba, kodi asilimia 10. Sasa niseme langu. Ushindi wa kina Haren ulitokana na kuchagua sheria ya kawaida badala ya katiba.

MWANAIDI: Hapo sikubaliani nawe. Sheria ya kawaida Bunge linaibadilisha. Desemba 2025 Gavana Mike DeWine alisaini Senate Bill 56, mswada wa Bunge wa kubadili sheria ile, hata bangi iliyonunuliwa kihalali jimbo jirani la Michigan ikawa kosa kuwa nayo hapa. Watu walipiga kura, wengine wakahariri.

JUMA: Lakini angalia hesabu. Sheria inahitaji saini sawa na asilimia 3 ya kura zilizopigwa za ugavana, Bunge linapewa miezi minne, likinyamaza unarudi mtaani kutafuta asilimia 3 nyingine. Katiba ni asilimia 10, zaidi ya saini 410,000. Kwa kiwango chao cha kukubaliwa, wangekusanya zaidi ya 700,000. Waliopungukiwa 679 wangezitoa wapi?

MWANAIDI: Waliotetea haki ya kutoa mimba walizitoa wapi? Siku ile ile, karatasi ile ile ya kura, wakaingia kwenye katiba kwa asilimia karibu 57. Bunge haliwagusi.

JUMA: Wale walikuwa na jeshi la wajitoleaji kila kaunti. Bangi ilibebwa na fedha za makampuni.

MWANAIDI: Jimbo la Colorado 2012, pendekezo la bangi lililoitwa Amendment 64, akina Brian Vicente na Mason Tvert, waliiweka kwenye katiba. Nao walipungukiwa mara ya kwanza, wakaongeza, wakashinda kwa asilimia 55.

JUMA: Colorado wakati ule idadi ya saini ilikuwa moja, katiba au sheria, 86,105. Nani angechagua sheria? Hapa bei ni tofauti. Na katiba ndiyo ilitaka kutupachika yale mashamba kumi. Kosa ndani ya katiba unalifuta vipi?

MWANAIDI: Kwa kura, kama lilivyoingia. Afadhali nihangaike na kosa la wapiga kura kuliko hisani ya wabunge.

JUMA: Mimi nachukua ushindi unaowezekana, nirudi Bungeni kuutetea kila mwaka.

MWANAIDI: Kila mwaka, kwa fedha za nani?

JUMA: Hilo nalo... hapana, bado nasimama pale pale. Na dakika zimebaki mbili, mambo yangu matano hata moja halijatoka.

MWANAIDI: Yaache. Tuseme la grini kadi, hilo halingoji. Ukiwa si raia, usisaini fomu yoyote ya hizi, ni za wapiga kura walioandikishwa tu. Na bangi, hata Ohio imeiruhusu, sheria ya shirikisho bado inaikataza. Kukiri mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba umevuta, au kufanya kazi kwenye duka la bangi, kunaweza kukwamisha ombi lako la uraia. Muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote.

JUMA: Na usafiri nayo kwa ndege usijaribu. Alhamisi, inshallah.