Chagua Jaribio Kabla Hujaenda Uwandani

Karibuni wote. Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa jiografia ni hili: "Mwalimu, data ninazo tayari, nitumie jaribio gani la takwimu?" Jibu langu huwaudhi, maana swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya kufunga mabegi.

Anza na unachotaka kujua. Je, unatafuta uhusiano kati ya vitu viwili vinavyobadilika, au tofauti kati ya makundi mawili? Au unahesabu tu watu au vitu vilivyoangukia kila fungu? Haya ni maswali matatu tofauti, na kila moja lina jaribio lake.

Tuchukue mto. Nadharia tete inasema kokoto hupungua ukubwa kadiri tunavyoteremka kutoka chanzo. Huo ni uhusiano, na kwa data za wanafunzi jaribio la uhusiano la Spearman hufaa sana, kwa sababu hutumia nafasi (ya kwanza, ya pili, ya tatu) badala ya vipimo vyenyewe, hivyo jiwe moja kubwa ajabu haliwezi kuvuruga hesabu yote. Tuseme una vituo 10. Panga umbali kwa nafasi, panga wastani wa ukubwa wa kokoto kwa nafasi, tafuta tofauti za nafasi, zipige kipeo cha pili, kisha jumlisha. Ukipata 310, zidisha kwa 6, gawanya kwa 990 (yaani 10 × 10 × 10, kutoa 10), toa jibu kwenye 1: unabaki na −0.88. Puuza alama ya hasi kwa muda. Kwa vituo 10, kiwango cha asilimia 5 (matokeo ambayo bahati tu ingeyatoa mara chache kiasi hicho), pande mbili (kokoto ziwe zinapungua au zinaongezeka), thamani ya kuvuka katika jedwali la Spearman ni 0.648. Umevuka. Alama ya hasi sasa irudishe, ndiyo inayosema kokoto zinapungua.

Kwa tofauti kati ya makundi mawili, mathalani kasi ya maji kupenya udongo wa msituni na wa shambani, kuna jaribio la t, linalolinganisha wastani, na kuna la Mann-Whitney, linalotumia nafasi kama Spearman. La t lilitolewa mwaka 1908 na William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness aliyejificha nyuma ya jina "Student". Linataka data zinazokaribia mtawanyo wa kawaida, yaani nyingi katikati na chache pande zote mbili. Zikiwa zimeegemea upande mmoja, nenda Mann-Whitney bila kuona haya.

Kwa swali la tatu, la kuhesabu mafungu, kuna kai-skwea, inayolinganisha hesabu ulizopata na ulizotarajia. Ndiyo inayoteswa kuliko zote. Ni ya hesabu halisi, si asilimia. Umehoji watu 20 kuhusu mpango wa kufunga barabara kwa magari: 12 wanaunga mkono, 8 wanapinga. Ulitarajia 10 kwa 10. Kai-skwea ni 0.8, mbali kabisa na 3.84 inayohitajika. Sasa mtu anageuza kuwa asilimia, 60 kwa 40, anapata 4.0, anaandika kwamba umma unaunga mkono mpango. Watu ni walewale 20! Asilimia imewazidisha mara tano. Angalia pia kwamba hesabu inayotarajiwa katika kila fungu isipungue 5. Ikipungua, unganisha mafungu, mradi muungano huo uwe na maana.

Nirudi mtoni, maana hapo ndipo ninapoona kazi nyingi zikiharibika. Mwanafunzi anapima kokoto 30 katika kila kituo, vituo 4, kisha anajisifu ana data 120. Kwa swali la umbali, ana 4. Kokoto za kituo kimoja zina umbali uleule. Na kwa vituo 4, hata nafasi zikipangika kikamilifu bila kasoro, uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati tu, pande zote mbili, ni 2 kati ya 24, yaani zaidi ya asilimia 8. Spearman haiwezi kukupa asilimia 5 hata mto ukikutii. Ingekuwa heri kokoto 10 katika vituo 12. Muda uliotumika ni karibu uleule, ila hilo ungelijua tu kama ungefungua jedwali la Spearman kabla hujavaa mabuti.