Skrini ya Ubuntu imebana ndani ya VirtualBox? Tuipanue

Mwakeye wadau, na wa huko kwingine mambo vipi. Niko dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, hizo honi ni bodaboda wa nje msiwajali. Leo ni hii inayowakera wengi: una VirtualBox kwenye Windows, ile programu ya kuendesha kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako, ndani umeweka Ubuntu, aina ya Linux, imewaka fresh, lakini ukiivuta dirisha linatanuka, Ubuntu yenyewe inabaki katikati na 800 kwa 600 yake, pembeni kweusi tupu.

Laptop yako haina shida. Ubuntu ya ndani haiioni kadi yako ya grafiki, inaona ya bandia inayotengenezwa na VirtualBox, na bila Guest Additions, vile viprogramu vya VirtualBox vinavyowekwa ndani ya Ubuntu, haijui dirisha lako limekuwa kubwa kiasi gani. Basi.

Kwanza zima mashine, yaani hiyo Ubuntu ya ndani, sio laptop. Zima kabisa! Ukibonyeza ile X unaulizwa, sasa USICHAGUE Save the machine state. Hiyo inailaza tu, ukienda Settings unakuta vitu vimefifia havibonyezeki, halafu unanipigia saa nne usiku. Zimia ndani kwa ndani, Power Off, kama kompyuta ya kawaida.

Kwenye VirtualBox nenda Settings, Display. Video Memory vuta mpaka 128. Graphics Controller weka VMSVGA, hiyo ni ya Linux, kama ndani una Windows weka VBoxSVGA. 3D mimi siiwekei tiki, laptop nyingi zinazokuja hapa hazina misuli hiyo.

Washa. Ctrl, Alt, T, terminal hiyo, andika:

sudo apt update
sudo apt install build-essential dkms bzip2 linux-headers-$(uname -r)

Paswedi haionekani ukiandika, ni kawaida, andika piga Enter. Hapa bando linaliwa kidogo ila usiruke, bila hizo headers, faili za kiini cha Linux, moduli za Guest Additions hazijengeki na... eh, mbona imeganda? Aa, umeme umekata, ruta imezima. Subirini niwashe hotspoti ya simu... haya, inashuka.

Juu kwenye menyu ya dirisha la VirtualBox, Devices, Insert Guest Additions CD Image. Ifungue hiyo CD, raiti kliki kwenye nafasi tupu, Open in Terminal:

sudo ./VBoxLinuxAdditions.run

V kubwa, B kubwa, L kubwa, A kubwa, Linux haina masihara na herufi. Mimi naandika sudo ./VBoxL tu, napiga Tab inamalizia yenyewe. Ikiisha, sudo reboot.

Ikirudi, View, Auto-resize Guest Display. Vuta dirisha sasa... oneni hiyo! Ctrl ya KULIA na F inajaza skrini nzima. Ya kulia jamani, sio ya kushoto. Na kidole kisiteleze kwenye C, hiyo ni Scaled Mode, menyu inapotea, herufi zinakuwa na ukungu kwa sababu picha inavutwa tu, unadhani kazi yote imeharibika. Ikitokea, Ctrl ya kulia na C tena, inarudi. Na nasema tena, ukirudi kwenye Settings, mashine iwe imezimwa, sio Save.

Asiye na bando la kushusha Ubuntu yenyewe, faili linapita GB 5, aje na flashi nimwekee, bei tunaelewana. Ila flashi iwe imefomatiwa kwa exFAT, FAT32 haipokei faili la GB 4 kupanda, na tafadhali ile yenye virusi vya stationery uifomati kwanza huko huko.