Kufunga usukani mrefu wa pikipiki nyumbani

Habari zenu, karibuni tena. Usukani mpya ndio huu, umepanda sentimita 10 kuliko wa zamani. Kuufunga wenyewe ni bolti nne tu, hilo lisikutishe. Kinachotesa watu ni nyaya. Usukani ukipanda, waya wa klachi, waya wa akseleta, mpira wa breki na nyaya za swichi vyote vinatakiwa kupanda nao, na havina mazoea ya kurefuka.

Kwa hiyo pima kabla hujanunua. Fungua klachi na breki kwenye usukani wa zamani, zishike kwa mkono pale zitakapokaa, halafu mwambie mtu azungushe tairi la mbele kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Kitu kikivutika, nunua kirefu chake mapema. Pima na unene: pikipiki nyingi hutumia bomba la milimita 22, lakini zipo za 28.6 pale kwenye vibano vinavyoushika usukani, na hizo haziingiliani.

Haya, tuanze. Piga picha njia ya kila waya, utanishukuru baadaye. Chomoa waya wa hasi wa betri. Tangi lifunike kwa blanketi zito, maana mafuta ya breki yakidondoka yanakula rangi.

Toa vioo, kisha kikopo cha mafuta ya breki. Angalieni ninavyokifunga kwa kamba, kimesimama wima. Usikiache kining'inie kwa mpira wake, wala usikipindue. Hewa ikiingia humo, breki inakuwa laini kama sifongo.

Mpira wa kushikia wa mkono wa kushoto unasumbua. Penyeza bisibisi nyembamba chini yake, mwagia maji ya sabuni, zungusha huku unavuta. Umeona? Umetoka mzima.

Sasa toa usukani wa zamani, weka mpya, bana kidogo tu. Panda ukae kama unaendesha, uusogeze mpaka viganja vitulie bila kukunja kifundo. Hapo ndipo utoboe kwenye usukani tundu la kile kipini kilichomo ndani ya swichi, kinachoizuia isizunguke. Mimi wa kwanza niliutoboa mezani. Swichi ikaangalia juu, na usukani ule ukaishia kuwa bomba la kuanikia matambara.

Kwenye vibano tafuta alama ya nukta au mshale. Vyenye alama hiyo kwa kawaida hukazwa bolti za mbele kwanza mpaka vikutane, halafu za nyuma, na upenyo mdogo unabaki nyuma. Usihangaike kuuziba. Bolti za milimita 8 mara nyingi hukazwa newton-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 25, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli.

Rudisha vyote, halafu jaribu. Vuta akseleta uiachie: lazima irudi yenyewe, tairi likiwa limenyooka na likiwa limekatwa pande zote mbili. Washa injini, usiguse kitu, zungusha usukani taratibu. Sikilizeni... mlio haubadiliki. Mlio ukipanda tu, ujue waya umebana, na pikipiki hiyo haitoki nje leo. Kamata breki, tazama taa ya nyuma. Piga honi.

Zungukeni nayo polepole dakika chache karibu na nyumbani, mrudi, mzikaze tena zile bolti nne.