Arobaini na Mguu Mmoja

SALIM: Asalaam aleikum, karibuni tena. Mnamjua Dada Mwanaidi kwa sauti hii, lakini kabla ya maikrofoni alikuwa mkunga, wodi ya wazazi, miaka mingi. Leo nataka tuzungumze mguu.

MWANAIDI: Mguu mmoja, Salim. Ikivimba yote miwili, kwa mzazi huenda ni maji au presha, nayo ikaangaliwe. Ila mmoja ukituna peke yake, kigimbi kikauma, ngozi ikawa ya moto kuliko mwenzake, mimi nawaza damu imeganda kwenye mshipa wa ndani.

SALIM: Mtaani kwetu wangesema kakanyaga kitu.

MWANAIDI: Halafu anaitwa mtu wa kuchua! Hapo ndipo ninapogombana na mashangazi. Lile bonge likimeguka linapanda na damu mpaka moyoni, moyo unalisukumia kwenye mapafu. Mtu anaanza kuhema ghafla, kifua kinachoma akivuta pumzi, mwingine anakohoa damu au anazimia. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

SALIM: Kwa nini umeanza na mzazi?

MWANAIDI: Kwa sababu damu ya mjamzito huganda upesi, ili asiishiwe damu akijifungua. Hali hiyo haiondoki na kondo la nyuma. Hukaa kama wiki sita. Wiki sita ni siku ngapi?

SALIM: Arobaini na mbili... Eh! Arobaini.

MWANAIDI: Arobaini yetu hii hii. Na tunamfanyaje? Tunamlaza, asiguse hata ufagio. Mimi siipingi arobaini, uji wa pilipili manga nimeunywa na mimi. Lakini kupumzika siyo kulala kutwa. Kigimbi ndicho pampu ya mguu: ukitembea kinakaza, damu inapanda, ukilala inatuama. Aliyejifungua kwa upasuaji ndiyo zaidi.

SALIM: Kama Serena Williams, yule bingwa wa tenisi.

MWANAIDI: Mwaka 2017, baada ya upasuaji. Alishawahi kuganda damu mapafuni, kwa hiyo pumzi ilipombana akajua. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Akang'ang'ania apigwe picha ya CT, na mabonge yakaonekana kwenye mapafu. Sasa fikiria binti wa miaka ishirini, hajui hata aseme nini.

SALIM: Nyumbani tunapimaje?

MWANAIDI: Kuna mzazi nilimkuta amelala, mama mkwe wake fundi cherehani. Nikamwomba futikamba. Nikapima vigimbi vyote viwili, umbali ule ule chini ya goti: kulia 33, kushoto 38. Tofauti ikipita sentimita 3, usingoje kesho. Na kwa wajawazito mara nyingi ni kushoto, maana mshipa unaorudisha damu ya mguu huo unapita chini ya ateri, mshipa unaopeleka damu mguu wa kulia, unabanwa.

SALIM: Wekundu je?

MWANAIDI: Kwenye ngozi zetu hizi utautafuta mpaka kesho. Tumia mgongo wa kiganja, linganisha joto.

SALIM: Akifika hospitali?

MWANAIDI: Ultrasaundi ya mishipa. Ikithibitika, sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, baadaye pengine vidonge, kwa kawaida si chini ya miezi 3. Amwambie daktari kwamba ananyonyesha. Zipo dawa za kumfaa, asiache matiti wala asiache dawa.

SALIM: Sasa nisaidie. Mama yangu yuko kwangu, anamkanda mke wangu, siku ya kumi na tisa leo. Mimi nimwambie mama nini?

MWANAIDI: Usimwambie kitu. Mwambie mkeo maji ya kuoga asiletewe chumbani. Aende mwenyewe uani, asubuhi na jioni, na akirudi azunguke nyumba kidogo. Nani atamkataza mtu kuoga?

SALIM: Na futikamba?

MWANAIDI: Hiyo utanunua wewe.