“Nakaa Tu”: Mazungumzo na Vijana wa Arua kuhusu Wasifu wa Kazi

Wazee wetu mliotukaribisha, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya wasifu, karatasi ambayo wengi wetu tunaiita sivii. Mtauandika kwa Kiingereza, maana ndivyo waajiri wengi wa Uganda wanavyotaka. Lakini mawazo tuyapange kwa lugha tunayoelewana hapa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa watu wanaofungua bahasha za maombi, na kuna jambo linaniuma. Nafungua wasifu wa kijana, juu kabisa nakuta ameandika kwamba anatafuta kazi mahali penye changamoto ili akuze kipaji chake. Nafungua wa pili, maneno ni yaleyale. Wa kumi, yaleyale, hata koma imekaa palepale, kwa sababu wote wamechapishiwa kwenye duka moja la fotokopi. Chini yake dini, kabila, hali ya ndoa, jina la baba. Ukurasa umekwisha na bado sijajua huyu mtu anaweza kufanya nini. Nikigeuza, kwenye uzoefu ameandika: hakuna.

Hapo pa “hakuna” ndipo nataka tukae.

Binti mmoja aliniletea wasifu wake niusome kabla hajautuma. Nikamuuliza, mwanangu, tangu umalize S6, yaani kidato cha sita, umekuwa ukifanya nini? Akasema, “Nakaa tu, namsaidia shangazi kwenye kibanda cha mobile money.” Anakaa tu! Tukaanza kuhesabu. Anafungua saa mbili asubuhi. Anahudumia watu kama 50 kwa siku. Kila anayeweka na anayetoa anaandikwa daftarini, na jioni analinganisha pesa zilizo mkononi na salio la simu. Kwa miaka 2 hesabu ilimpotea mara moja, akaipata kabla ya kulala. Jamani, huyo ni mtunza fedha! Tukaandika hivyohivyo: kazi gani, wapi, tangu mwezi gani, watu wangapi, pesa zilikuwa mikononi mwa nani. Hatukutia chumvi, wala haikuhitajika. Ukidanganya kwamba unajua kompyuta, siku ya usaili utaketishwa mbele ya kompyuta.

Wewe uliyejitolea kugawa maji kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, kule Yumbe, na wewe unayeandika kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa, mmefanya kazi. Iandikeni.

Halafu lugha. Mtu wa West Nile, ukanda wetu huu, anajua Kilugbara, Kiswahili, pengine na Kinubi, lakini kwenye karatasi naona Kiingereza peke yake. Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, na mashirika yanayohudumia wakimbizi kutoka Kongo yanahitaji mtu wa kumsikiliza mama aliye kwenye foleni. Taja kila lugha, na useme kama unaizungumza tu au unaiandika pia.

Elimu ni fupi: anza na ya karibuni. Waliofanya UCE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2024, wa kwanza kwenye mtaala mpya, wana herufi A hadi E. Msizigeuze ziwe agrigeti za zamani, yaani ile jumla ya alama za masomo. Nakilini cheti cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kilivyo.

Na tangazo la kazi lisomeni mpaka mstari wa mwisho. Nafasi nyingi za wilaya zimekuwa zikiombwa kwa Fomu namba 3 ya Utumishi wa Umma, nakala tatu. Aliyepeleka wasifu mzuri bila fomu hiyo amejitoa mwenyewe. Piga mstari chini ya kila wanachokitaka, kisha uangalie kama wasifu wako umekijibu. Wa kuomba udereva hauwezi kuwa uleule wa kuomba ukarani wa stoo.

Namba ya simu iwe ile usiyoibadilisha. Tumewahi kumpigia kijana tuliyemtaka sana, miezi 3 baada ya usaili, akapokea mtu mwingine kabisa. Ongeza namba ya nyumbani, ya mtu atakayekumbuka kukuambia.

Sasa toeni karatasi. Msiandike jina, msiandike shule. Andikeni jana mlifanya nini tangu kuamka hadi kulala, kisha nitapita meza kwa meza tuitafute kazi iliyojificha humo.