Si Macho Mabovu Yaliyochora Mayungiyungi

Mabibi na mabwana, naanza na jambo ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema, na sitaacha kulisema. Mayungiyungi ya mchoraji Mfaransa Claude Monet, ile michoro yake ya maua ya bwawani, hayakufifia kwa sababu mzee alikuwa haoni. Hii habari kwamba aliyachora hivyo kwa sababu ya mtoto wa jicho inaniudhi.

Tazameni tarehe. Madaktari walimkuta na mtoto wa jicho mwaka 1912. Mchoro huu hapa ukutani, ambao uko katika makumbusho ya Art Institute of Chicago, Marekani, ni wa 1906. Utafuteni ukingo wa bwawa. Haupo. Anga je? Ipo, lakini iko chini, ndani ya maji. Sasa fuateni brashi ilivyopita: majani yamelazwa kwa mipigo ya ulalo, vivuli vya miti vimeshushwa wima. Ukisogea karibu, ua ni mabonge machache tu ya rangi nzito, nyeupe na waridi. Rudi nyuma, linaelea. Anayetenganisha uso wa maji na kilichomo ndani yake kwa mwelekeo wa brashi tu, huyo anaona kutuzidi sisi sote humu ndani.

Najua kuna atakayesema: na ile michoro yake ya uzeeni ya daraja la bwawani, iliyojaa wekundu? Hayo nakubali. Macho yalikuwa yameharibika, na mwaka 1923 alipasuliwa jicho la kulia. Lakini kwa nini ugonjwa wa mwisho tuubebeshe kazi ya miaka mingi kabla yake?

Wengine husema alichora alichokikuta. Alikuta nini? Mwaka 1893 alinunua kiwanja ng'ambo ya reli, pale kijijini kwake Giverny, Ufaransa, akaomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito cha mto Epte. Wanakijiji wakapinga, wakihofia mimea ya kigeni itatia maji sumu. Mayungiyungi ya rangi yalikuwa chotara za mkulima Latour-Marliac. Mtunza bustani aliingia bwawani na mashua kuyapogoa. Yaani bwawa lenyewe alilitengeneza kwanza, ndipo akalichora.

Naona naoneshwa saa. Basi ile michoro mikubwa ya mayungiyungi iliyoko makumbusho ya Orangerie, Paris, naigusa tu: siku moja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama, Novemba 1918, alimwandikia rafiki yake Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, akiipa Ufaransa michoro miwili. Zawadi ikakua hadi kujaza kumbi mbili, zikafunguliwa Mei 1927. Yeye alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia.

Maswali. Na atakayeuliza habari za macho, aanze na mwaka wa mchoro.