Pedali Polepole, Rudi Tena Kesho: Mazungumzo na Wanaoanza Baiskeli Arusha

Wazee wangu shikamooni, kaka zangu na dada zangu habari za asubuhi. Tutaongea kidogo humu ndani alafu tutoke nje maana baiskeli haifundishwi mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Wengi wenu mmeniambia mnataka kupungua na pumzi irudi, na mmechagua baiskeli kwasababu mkikimbia magoti yanalia. Hapo mko sahihi kabisa. Mtu wa kilo 100 akikimbia, kila hatua goti linapokea uzito wake wote na zaidi, ila akiwa kwenye baiskeli siti ndo inambeba, miguu inazunguka tu, ndomana mtu ambaye dakika tano za kukimbia zinammaliza anaweza kupedali nusu saa siku ya kwanza na akashuka anaongea vizuri.

Shida ninayoiona kila msimu ni moja, watu wanaanza kwa nguvu mno. Mtu kapata baiskeli yake ya resi ya mtumba, Jumamosi anatoka mjini na barabara ya Moshi, pale Sakina mpaka Tengeru barabara ni pana njia mbili mbili, lami safi, anashuka tu, upepo usoni, anafika Usa River hajajua hata kafikaje. Sasa Arusha iko mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari na Usa River iko chini yake kwa mita 200 hivi, na zile mita zote utazilipa wakati wa kurudi, saa tano ya jua, maji yameisha, mapaja yanawaka moto. Anafika nyumbani analala mpaka jioni, Jumapili hawezi kushuka ngazi, Jumatatu baiskeli iko stoo. Nimeona baiskeli nzuri sana zikiuzwa namna hiyo, siti haijachubuka hata kidogo, na inaniuma kwasababu mwenye nayo alikuwa na nia ya kweli.

Kwahiyo kipimo chetu hapa ni mdomo. Ukiwa unapedali uweze kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Ukianza kujibu neno moja moja, punguza gia, punguza mwendo, acha wengine waende. Watu wanasema mwendo wa taratibu unachoma mafuta zaidi, ni kweli kwamba kwenye mwendo huo sehemu kubwa ya nishati inatoka kwenye mafuta, lakini mi sababu yangu kubwa siyo hiyo, sababu ni kwamba ukienda taratibu kesho kutwa utatoka tena, na wiki ijayo, na mwezi ujao, mwili unabadilika kwa kurudia. Mlioangalia yale mashindano ya dunia ya baiskeli pale Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika, mliwaona wanaume wanakimbizana kilomita 267 na kitu kwenye milima ile. Watu wa aina ile mazoezini sehemu kubwa ya masaa yao, karibu asilimia 80, wanaendesha mwendo wa kuongea. Kama wao wanafanya hivyo, we wa wiki ya pili unajikaza nini?

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anza na hizo 150, siku tatu za katikati ya wiki nusu nusu saa, alafu Jumamosi lisaa limoja. Baada ya mwezi ongeza kidogo kidogo.

Sasa hesabu, na hii naomba mnisikilize vizuri kwasababu ndo inayovunja watu moyo. Kilo moja ya mafuta mwilini imebeba kama kilokalori 7,700. Mtu wa kilo 90 akipedali lisaa kwa mwendo wa kilomita 16 mpaka 19 kwa saa anatumia kama 600 hivi. Fanya mwenyewe hesabu, ni masaa 12 au 13 kwenye siti ndo kilo moja imeondoka, na hapo ni kama hujaongeza chochote mezani. Tena ukishuka njaa inakuja ya ajabu, na mtu anajiambia nimefanya kazi nastahili, anapita kibandani chips mayai na soda ya nusu lita, ile soda peke yake ina sukari vijiko vya chai 12 hivi, na sahani ile inafuta lisaa lote ulilopedali. Mi naamini kabisa vita ya kitambi inapiganiwa kwenye yale masaa mawili baada ya kushuka. Kunywa maji kwanza, mengi. Uwe umeacha nyumbani chakula chako tayari, maharage, mboga za majani, yai la kuchemsha, ndizi mbili tatu za kupika, mtori kama upo, ukute kimeshaiva, kwasababu mtu mwenye njaa hana subira ya kuwasha jiko.

Usijinyime kula kabisa lakini. Ukiendesha zaidi ya lisaa na nusu beba ndizi mbivu mfukoni ule kabla hujaishiwa. Na wewe unayetumia dawa za sukari au sindano ya insulini, ongea na daktari wako kabla hujaanza, kwasababu mazoezi yanashusha sukari na inaweza kushuka ukiwa barabarani, uwe na kitu kitamu mkononi na asitoke mtu wa namna hiyo peke yake. Wa presha pia, pima kwanza.

Mzani usiupande kila asubuhi, unapanda na kushuka kwa sababu ya maji tu. Chukua futi ya fundi cherehani uzungushe kiunoni mara moja kwa wiki mbili, mwanaume akizidi sentimita 102 na mwanamke 88 yuko kwenye hatari kubwa ya sukari na moyo, ndo namba ya kuifukuzia. Na angalia ile kona ya mlima uliyokuwa unashuka na kusukuma, siku unaipita umekaa kwenye siti pumzi imesharudi hiyo, hata kama mzani haujasema kitu.

Alafu jiandaeni na maneno ya watu. Huku kwetu ukinenepa wanasema umependeza, maisha yamekukubali, ukipungua kilo nane tu shangazi anakuvuta pembeni anakuuliza kwa sauti ya chini kama unaumwa. Wengine watauliza gari umeuza? Msiwagombeze, wanawapenda, waambie tu ni baiskeli, na ukiweza mchukue mmoja mje naye. Na mama zangu mnaoogopa kutazamwa, njooni kwa kikundi, wanne wakipita pamoja watu wanapisha na kusalimia.

Barabarani muwe makini sana. Siku za gulio Tengeru pale pembeni panajaa watu na mikokoteni, na hiace inasimama ghafla mbele yako bila hata taa, kwahiyo usiifuate kwa karibu. Wanaoanza nawapendelea ile barabara ya mchepuko ya kusini, tokeni saa 12 na nusu asubuhi, saa 3 muwe mmesharudi. Helmeti, na nguo ya rangi kali. Ile bukta yenye sponji inavaliwa bila chupi ndani na inafuliwa kila ukivaa, nasema wazi kwasababu watu wanaona aibu kuuliza alafu wanachubuka.

La mwisho ni siti, kwasababu magoti mengi yanayouma kwenye baiskeli yanaumizwa na siti iliyoshushwa chini mno. Kaa, weka kisigino juu ya pedali, izungushe mpaka ifike chini kabisa, mguu uwe umenyooka kabisa. Ukishaweka sehemu ya mbele ya mguu kama unavyopedali siku zote, goti litabaki limekunjika kidogo, hapo ndo penyewe. Kama nyonga zinacheza kushoto kulia umepandisha sana, shusha kidogo.

Haya, spana ninazo, pampu ya upepo iko mlangoni, leteni baiskeli tuanze na siti moja moja alafu maswali tutajibu hukohuko nje.